Ukikompaili programu na maktaba yake (msimbo wa tayari inaoutegemea) ikakataa kuonekana

Kabla hujafuta kila kitu na kuanza upya, soma kwanza kosa lenyewe. `zlib.h: No such file or directory` maana yake kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haioni faili za `.h` za maktaba. `cannot find -lz` ni linka, inayounganisha programu na maktaba, ndiyo isiyoiona maktaba yenyewe. Kila mmoja huelekezwa kivyake: kompaila kwa `-I`, linka kwa `-L`. Tuseme umeweka zlib (maktaba ya kubana data) ndani ya `$HOME/local` kwa kuwa kwenye seva huna ruhusa ya root (msimamizi); basi endesha `configure`, skripti inayoandaa ujenzi, hivi:

`./configure CPPFLAGS="-I$HOME/local/include" LDFLAGS="-L$HOME/local/lib -Wl,-rpath,$HOME/local/lib"`

Hiyo `-rpath`, inayoandika njia ya maktaba ndani ya programu, ndiyo wengi huisahau. `-L` husaidia wakati wa kujenga tu, kwa hiyo programu itajengeka vizuri, halafu ukiiendesha inalalamika `cannot open shared object file`. Ipime kwa `ldd ./programu`, inayoorodhesha maktaba zake; ukiona `not found`, njia haijaingia. Angalia pia, huenda maktaba imeangukia `lib64`, si `lib`.

`LD_LIBRARY_PATH` (orodha ya folda za kutafutia maktaba programu inapoendeshwa) ndani ya `.bashrc`, faili la mipangilio ya shell, siipendi kabisa: inagusa hata programu zisizohusika. Kama `configure` inategemea pkg-config (chombo kinachoiambia maktaba ziko wapi), weka `PKG_CONFIG_PATH=$HOME/local/lib/pkgconfig`. Ukishabadilisha, piga `make clean` kwanza ili kufuta mabaki ya ujenzi wa awali.