Zoeana na altimita kabla hujaipa baruti

Roketi yangu ya kwanza yenye parachuti mbili niliirusha Argonia, Kansas, huko Marekani, na waya nilikuwa nimezipishanisha. Ilipofika kileleni, badala ya kile kiparachuti cha kuishusha upesi, likafunguka lile kubwa. Upepo wa Kansas nao hauna adabu. Saa mbili nzima nilikanyaga mabua ya ngano nikiitafuta.

Kosa langu lilikuwa jepesi: waya zote nne nilizichagua nyeusi, zikapendeza, zikanipoteza. Siku hizi altimita, kile kifaa kinachopima kimo kwa mgandamizo wa hewa na kuwasha baruti za kufungulia parachuti, haiingii kwenye roketi mpaka tumezoeana mezani.

Ninayotumia ni StratoLoggerCF, kibodi cha gramu kama 11 hivi. Kina matundu manane ya skrubu, mawili mawili: betri, swichi, Drogue ambayo ni parachuti ndogo, na Main, ile kubwa. Ya kuogopa ni ya betri. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuunguza bodi. Swichi na vibiriti vya umeme, vile vya kuwashia baruti, havijali upande. Menya waya milimita tano hivi, sokota nyuzi, usizipake risasi ya kulehemu, maana hulegea chini ya skrubu. Kaza, halafu vuta. Ikichomoka sasa, shukuru.

Usianze na vibiriti. Funga balbu za taa za Krismasi, zile za zamani zenye uzi ndani, si za LED: nyekundu kwenye Drogue, kijani kwenye Main. Washa. Itakulilia namba: urefu wa kufungulia parachuti kubwa, kimo cha safari iliyopita, volti za betri. Sifuri ni milio kumi. Mimi sikulijua hilo, nikadhani nimeuziwa kibovu.

Ikimaliza hesabu zake hubaki kurudia. Mlio mmoja, imeona Drogue peke yake, miwili, Main peke yake, mitatu, zote. Zima, chomoa balbu nyekundu, washa tena. Ikilia miwili, hapo mmeelewana.

Kisha rudisha nyekundu, tumbukiza kila kitu, pamoja na betri, kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Toboa kifuniko, pitisha mrija, ziba pembeni kwa gundi ya mpira. Subiri milio mitatu, vuta hewa polepole kwa mdomo: kwake hiyo ni kupaa. Ukiachia hewa irudi taratibu, nyekundu huwaka kwanza, kijani baadaye. Mke wangu alinikuta nanyonya chupa yenye taa, akageuza njia bila kuuliza.

Sasa waya za Drogue ninazipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ncha zote mbili. Vibiriti navifunga uwanjani swichi ikiwa imezimwa, na siiwashi mpaka roketi imesimama wima kwenye reli ya kurushia.