Jinsi ya kuchimba historia ya pabu ya Uingereza: fuata leseni, achana na kibao

Wakuu, hii ni kwa mlioko Uingereza, au mnaokuja kusoma au kutembea, na mnapenda historia. Karibu kila mtaa kule una pabu ya zamani, na kila pabu ya zamani ina stori zake, sijui jambazi Dick Turpin alilala hapa, sijui kuna handaki linatokea kanisani, sijui ilifunguliwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Nyingi ni porojo za kuuzia bia. Ila pabu ina bahati ambayo nyumba ya kawaida haina, yaani kwa zaidi ya miaka 450 serikali imekuwa ikitaka kujua nani anauza pombe, anauzia wapi na nani atamdhamini akileta fujo, kwa hiyo karatasi zipo. Tabu ni kwamba kila sheria ilipobadilika karatasi nazo zilihamia ofisi nyingine, na hapo ndo watu wanakwama, wanatafuta kitu cha 1840 kwenye ofisi ambayo mwaka huo haikuhusika kabisa.

Na kama hunywi usihofu, kazi kubwa inafanyika kwenye kompyuta na maktaba. Ukiingia pabu ukaagiza soda hakuna atakayekukodolea macho.

Kwanza kabisa, mwaka ulioandikwa ukutani usiuchukulie kama ushahidi. Pale Nottingham kuna Ye Olde Trip to Jerusalem, ukutani wamepiga rangi 1189, mwaka aliotawazwa mfalme Richard wa Kwanza, stori yenyewe ni kwamba wapiganaji wa msalaba walipitia hapo kupoza koo kabla ya safari ya Yerusalemu. Jengo unaloliona ni la karne ya 17, na hilo jina limekuja baadaye, mwanzo iliitwa The Pilgrim. Mapango yaliyochimbwa kwenye mwamba hapo nyuma ni ya kale kweli, sibishi, lakini pango kuwa la kale na biashara kuwa ya kale ni vitu viwili.

Sasa tuanze. Unaanza na leo halafu unarudi nyuma, usiruke.

Leo mpaka 2005

Sheria ya leseni ya 2003 ilianza kazi tarehe 24 Novemba 2005, ikaitoa leseni kwa mahakimu ikaipeleka halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na rejista iliyo wazi kwa umma na nyingi zipo mtandaoni, unaandika posikodi tu. Hapa unachukua anwani kamili na jina la mwenye leseni, ambaye mara nyingi ni kampuni yenye mamia ya pabu, basi. Ukiwa hapo hapo angalia kama jengo limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa ya Historic England, shirika la kutunza majengo ya kale, ni bure, na maelezo yao yanakwambia ukuta upi ni wa karne gani.

2005 kurudi mpaka 1872

Hapa ndo patamu. Leseni zilikuwa kwa mahakimu wa amani, na rejista zao ziko kwenye ofisi ya nyaraka ya kaunti, tafuta kwenye katalogi chini ya mahakama ndogo, wao wanaziita petty sessions. Omba rejista ya leseni ya wilaya yako. Ukurasa mmoja unaweza kubeba pabu moja kwa miaka 30: jina la nyumba, parokia, mwenye jengo, kila mtu aliyekabidhiwa leseni na tarehe, na safu ya makosa. Hiyo safu ya makosa mimi naipenda kuliko yote, kuruhusu ulevi, kuuza nje ya saa, kuruhusu kamari, faini shilingi kadhaa. Na utaona kitu kingine kinajirudia sana, jina la mume linakatwa, baada ya wiki chache linaingia jina la mke. Mume kafariki, mjane kachukua biashara. Wanawake wengi waliendesha pabu kwa njia hiyo wakati hata kura hawana.

Mwaka 1872 ndo sheria kubwa ya leseni ilipopita, ile ile ambayo mpaka leo inakukataza kulewa barabarani huku unaswaga ng'ombe au unaendesha injini ya mvuke. Msicheke, kipengele bado kipo.

Unaposoma rejista angalia vitu viwili. Cha kwanza, ukikuta maneno ante 1869 pembeni ya pabu yako, furahi, nitaeleza mbele kidogo. Cha pili, kama pabu inapotea kati ya 1905 na 1914 bila kosa lolote, kuna uwezekano mkubwa ilifungwa kwa sheria ya 1904, ambapo mahakimu waliruhusiwa kupunguza pabu zilizoonekana kuzidi mtaani, na mwenyewe analipwa fidia kutoka mfuko uliochangiwa na wauza pombe wenyewe. Mafaili ya fidia yakipatikana ni dhahabu, maana wanabishana mbele ya mahakimu pabu ina vyumba vingapi na wateja wa aina gani.

Halafu kuna vita vya kwanza. Mwaka 1915 serikali iliunda bodi ya kudhibiti pombe kwa hofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanalewa, saa zikakatwa, kwenye maeneo ya bodi ikawa saa sita mchana mpaka nane na nusu, kisha saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka tatu na nusu usiku. Wakenya mnaokumbuka sheria ya Mututho ya 2010, ile iliyobana saa za baa, mnaelewa hali ilikuwaje. Na kumnunulia mwenzio bia nayo ikawa kosa, hebu fikiria hiyo ingepita Sinza. Vita viliisha lakini kule kufunga mchana kulibaki mpaka 1988, ndo maana kwenye magazeti ya miaka ya 1950 utakuta kesi za mtu kauza painti ya bia saa tisa alasiri. Na kama pabu yako iko Carlisle au jirani na Gretna basi una bahati, maana 1916 serikali ilinunua pabu na viwanda vya bia vya huko, ikawa inauza bia yenyewe mpaka miaka ya 1970 mwanzoni, na serikali ikimiliki kitu haiachi kuandika.

Usiondoke kipindi hiki bila kupita Kew, London, kwenye ofisi ya Nyaraka za Taifa (The National Archives). Mwaka 1910 waziri wa fedha Lloyd George alitaka kutoza kodi ardhi, kwa hiyo wakathamini karibu kila kiwanja na kila nyumba England na Wales. Madaftari ya wathamini yako kwenye fungu IR 58. Yanataja mmiliki, mpangaji, vyumba, hali ya jengo. Mmiliki ukikuta ni kiwanda cha bia usishangae, kufikia hapo pabu nyingi zilikuwa zimefungwa kamba na kiwanda, mwendeshaji anauza bia ya tajiri wake tu. Kadi ya kusomea Kew ni bure, nenda na kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi.

1872 kurudi mpaka 1828, bonde la kiza

Hapa wengi wanakata tamaa. Sheria ya 1828 iliondoa dhamana ambayo wenye pabu waliandikishana kila mwaka mbele ya mahakimu (nitaieleza mbele), kwa hiyo karatasi za mahakimu zinakauka ghafla. Halafu 1830 serikali ikaja na jambo la ajabu, ikasema yeyote anayelipa kodi ya nyumba aende kwa watu wa ushuru, alipe gini mbili (pauni mbili na shilingi mbili), achukue leseni ya kuuza bia, hakimu haulizwi. Nia ilikuwa kuwavuta watu waache jin na kuvunja nguvu za viwanda vikubwa. Ndani ya miezi sita nyumba za bia zaidi ya 24,000 zilikuwa zimefunguliwa. Mtu anageuza sebule yake, anaweka pipa na benchi mbili, kazi imeanza. Ilipofika 1869 ndo wakarudishwa chini ya mahakimu, ila waliokuwepo tayari walilindwa, hakimu hawezi kuwanyima leseni hivi hivi tu. Ndo maana yale maneno ante 1869 ni muhimu, yanakwambia pabu yako ilianza kama sebule ya mtu kati ya 1830 na 1869.

Kwa hiyo kipindi hiki unatumia njia za pembeni. Vitabu vya anwani na biashara vya Pigot na Kelly, Chuo Kikuu cha Leicester wameviweka vingi mtandaoni bure. Zingatia, pabu zenye leseni kamili zinatajwa kwa jina, lakini wauza bia wanatajwa majina yao tu bila jina la nyumba, kwa hiyo inabidi umfuate mtu. Sensa kuanzia 1841 inakuonyesha mwenye pabu, familia, wahudumu na wageni waliolala, ila mwenye nyumba ya bia unaweza kumkuta kaandikwa seremala kwa sababu mchana anaranda mbao na mkewe ndo anauza. Ramani za zamani ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, P.H. ni pabu, B.H. ni nyumba ya bia. Magazeti nayo, minada, vifo vilivyochunguzwa kwenye ukumbi wa pabu, kikao cha leseni cha kila mwaka. Kuyasoma mtandaoni ni kwa kulipia lakini maktaba nyingi za umma zinakupa bure ukikaa kwenye kompyuta yao.

Mtego mkubwa wa hapa ni namba za nyumba. Mitaa ilipewa namba upya, hasa London, kwa hiyo namba 14 ya 1850 si namba 14 ya leo. Dawa yake, kwenye Kelly tafuta orodha ya mtaa, wanataja pale njia ya pembeni inapokatiza, unahesabu nyumba kuanzia kwenye kona. Na leseni yenyewe iliweza kuhamishwa jengo moja kwenda jingine na jina likaenda nayo. Red Lion ya leo inaweza isiwe kwenye kiwanja cha Red Lion ya zamani.

1828 kurudi mpaka 1753, na kabla ya hapo

Mwanga unarudi. Sheria ya 1753 ilimtaka karani wa kaunti atunze rejista ya dhamana za wenye vilabu, kwenye katalogi andika recognizances au victuallers. Kila mwaka mwenye kilabu anatoa ahadi mbele ya mahakimu kwamba hataruhusu fujo wala michezo haramu, na anakuja na mdhamini. Mtazame huyo mdhamini vizuri, mara nyingi ni mwenye kilabu mwingine, leo nakudhamini mimi kesho unanidhamini wewe. Miaka ya mwanzo jina la nyumba mara nyingi halipo, ni jina la mtu na parokia, kwa hiyo ile kazi uliyofanya ya kukusanya majina ndo inakulipa hapa.

Kabla ya 1753 ni kubahatisha. Leseni za mahakimu zilianza 1552 lakini karatasi zimebaki vipande vipande. Mwaka 1577 serikali ilihesabu gesti, nyumba za mvinyo na vilabu ili zitozwe hela ya kukarabati bandari ya Dover, baadhi ya kaunti zimeandika mpaka majina, yako Kew. Makundi hayo matatu yalikuwa tofauti kabisa, gesti unalala na farasi wako analishwa, nyumba ya mvinyo ni ya wenye nacho, kilabu ni bia na wanyonge. Kabla ya hapo kuna mahakama za mabwana wa ardhi zilizokuwa zinapiga faini wapika bia, wengi wao wanawake, lakini ziko kwa Kilatini, jipange.

Sasa ndo uende pabu

Ukiwa na karatasi mkononi macho yanaona zaidi. Chukua The George pale Southwark, London. Iliungua kwenye moto wa 1676 ikajengwa tena mwaka uliofuata. Unaona zile roshani za mbao zimepangana juu ya ua? Wageni walilala huko juu, magari ya farasi yanaingia uani. Lakini ua una upande mmoja tu, na unajiuliza nyingine ziko wapi. Kampuni ya reli ya Great Northern iliinunua ikabomoa pande mbili mwaka 1889, na reli kwa jumla ndo zilizoua biashara ya magari ya farasi.

Kwenye pabu ya kawaida tafuta milango iliyozibwa. Pabu ya enzi ya Victoria ilikuwa na milango kadhaa, wa baa ya wafanyakazi, wa saloon, yaani chumba cha wenye suti, na kidirisha cha kununulia bia ya kupeleka nyumbani, ambako watoto walitumwa na jagi. Vioo vilivyochorwa maneno Jug and Bottle vikibaki, hapo ndipo palikuwa.

Usiende Ijumaa jioni. Nenda Jumanne mchana, mwenyeji ana nafasi, mwombe akuonyeshe picha za zamani, karibu kila pabu ina moja kwenye korido ya kwenda chooni, wafanyakazi wamesimama mlangoni na farasi wa kiwanda. Picha hizo hazina tarehe, lakini juu ya mlango kuna ubao wenye jina la mwenye leseni. Likuze kwenye simu, lisome, kisha rudi kwenye rejista ya mahakimu utafute alikabidhiwa lini na akaachia lini, picha itakuwa ya kati ya hizo tarehe mbili.