Wakija kupima kiwanja, hesabu nawe

Siku watu wa serikali walipokuja kupima na kupiga alama nyekundu kwenye kiwanja cha mama yangu Fuoni, Zanzibar, ili waitwae ardhi, mimi nilikuwa skuli nasomesha. Nyumba hawakuigusa. Walitaka ile sehemu ya nyuma tusiyoijenga, wakaiita ardhi ya ziada. Karatasi ya tathmini, ile ya kuhesabu mali ya kulipwa fidia, ikaandikwa minazi 4. Ilikuwapo 7, na mwembe unaozaa, na msingi wa matofali. Kaka yangu akatia saini kwa kuwastahi wageni. Kuirekebisha karatasi ile kulituchukua miezi 14.

Kwa hiyo usingoje mahakama, anza siku ya kupima. Zunguka nao ukiwa na daftari, pamoja na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) na jirani mmoja wa kila upande. Piga picha kila mti, kisima, hata karo la choo. Kwetu Zanzibar jambo hili ni zito kuliko watu wanavyodhani: kwa sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, nawe unayo haki ya matumizi tu. Ukisimama useme "ardhi yangu" hufiki mbali. Lakini miti na jengo ni mali ya mtu, na mwenye mti si lazima awe mwenye kiwanja. Minazi miwili ya kwetu aliipanda ami, basi iandikwe kwa jina lake, msije mkagombana wenyewe kwa wenyewe fidia ikitoka.

Hati ikiwa bado kwa jina la marehemu, malizeni mirathi kwa kadhi kwanza.

Hukubaliani na hesabu? Usitie saini. Andika barua, uliza ardhi inatwaliwa kwa kazi gani na kwa sheria ipi, utaje kifungu cha 17 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinacholinda mali ya mtu na kutaka alipwe fidia. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uiweke. Wakinyamaza, ipo Mahakama ya Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya 1994. Nenda mapema, na wakili ukimpata.

Karatasi ya pili mama alisomewa mstari kwa mstari, amekaa barazani. Minazi 7, mwembe 1, msingi. Ndipo kaka akatia saini.