Jinsi ya kukusanya simulizi za maisha za watumiaji wa methamfetamini
Kabla ya kufika maskani yoyote, yaani kijiwe cha watumiaji wa dawa hii ya kulevya, jijini Dar es Salaam, pata kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha utambulishwe na mwelimishaji rika anayeaminiwa, kwa kuwa mgeni mwenye daftari hudhaniwa haraka kuwa askari.

Mahojiano yaanze na kalenda ya maisha. Si rahisi mtu kukumbuka mwaka alioanza kutumia dawa, lakini anaweza kukumbuka alikuwa wapi mafuriko ya Desemba 2011 yalipoikumba Jangwani, au mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016. Kwenye alama hizo panga shule, kazi, ndoa, misiba, vifungo na, jambo ambalo watafiti husahau mno, vipindi vya kuacha. Usiulize “kwa nini ulianza?”, swali linalonuka hukumu, uliza siku ile ilikuwaje. Neno “teja” mwachie mwenyewe.

Aliyekesha siku kadhaa kwa sababu ya dawa asihojiwe. Mpangie siku nyingine. Rudi baada ya miezi kadhaa, na simulizi ya pili ikipingana na ya kwanza, usiisawazishe: tofauti hiyo nayo ni data. Majina halisi yasiingie kwenye rekodi.