Kufuata maji: jinsi ya kujiandaa kwa nusu marathoni ukiwa Lamu

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanachama wa kundi letu wanaokimbia kwa kujifurahisha, wale ambao hukutana na wenzao alfajiri baada ya sala, na ambao mara moja au mbili kwa mwaka husafiri pamoja kwenda kushiriki mbio za msimu: Lewa mwezi wa Juni, Nairobi kuelekea mwisho wa Oktoba, au Moshi mwishoni mwa Februari. Mfano nitakaoutumia ni nusu marathoni ya Nairobi, yaani kilomita 21.1, kwa sababu maandalizi yake huangukia kipindi ambacho joto la kwetu limepungua.

Ratiba za mazoezi zinazopatikana kwenye intaneti hupangwa kwa wiki ya siku saba, na takriban zote huweka mbio ndefu siku ya Jumapili. Aliyeziandika alikuwa na barabara ya lami ambayo haitoweki. Sisi barabara yetu ndefu ni ufuo wa Shela, wenye urefu wa kilomita 12 hivi kuelekea Kipungani, na barabara hiyo huonekana na kutoweka mara mbili kwa siku. Kwa hiyo atakayefanya mazoezi Lamu hana budi kuipanga ratiba yake kwa mzunguko wa maji, ambao ni wa siku 14 au 15, na kuiacha wiki ya kalenda iwatumikie watu wa bara.

Hatua ya kwanza: jua siku zako njema

Mvuvi yeyote atakueleza haya, lakini mkimbiaji huyahitaji kwa sababu tofauti. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukihesabu utaona kwamba kuanzia tarehe 10 hadi 13 za mwezi mwandamo, na tena kuanzia tarehe 25 hadi 28, maji hupwa kati ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa mbili kasoro asubuhi. Hizo ndizo siku njema: kumepambazuka, jua halijapata nguvu, na mchanga mgumu umekunjuka mbele yako kama mkeka.

Siku za bamvua, yaani zile za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, hali ni kinyume. Ukifika Shela saa kumi na mbili asubuhi, ni saa mbili tu tangu maji yajae, na robo tu ya maji ndiyo iliyoondoka. Kilichobaki wazi ni ule mchanga laini wa juu, ambao humchosha mtu kabla hajamaliza kilomita tatu. Ufuo utakuwa mpana kweli kweli saa nne, lakini saa nne ni jua kali, nami simshauri mtu yeyote kukimbia masafa marefu saa hiyo.

Hesabu hii ni ya makadirio. Kabla ya kuwaita wenzako, hakikisha nyakati kwa jedwali la maji linalotolewa kila mwaka na Halmashauri ya Bandari ya Kenya, au muulize nahodha.

Hatua ya pili: jua utakaa ufuoni muda gani

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia huyagawa mafungu 12 kwa saa sita: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili na ya sita moja. Maana yake kwa mkimbiaji ni kwamba saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake, ukingo wa maji hausogei sana, na hapo una saa nne za kutumia kwa utulivu. Ikiingia saa ya tatu baada ya kupwa, maji huja kwa haraka, na siku za bamvua, ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne, haraka hiyo huonekana kwa macho. Anza mbio zako saa moja au moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, ili unaporudi uwe bado umo ndani ya muda huo.

Angalia na upepo. Wakati wa kusi, ukitoka Shela kuelekea Kipungani unakwenda dhidi ya upepo na kurudi ukisukumwa nao, na huo ndio mpango mzuri, kwani kazi ngumu inafanywa miguu ikiwa mipya. Tahadhari yake ni moja: upepo unaokutoka mgongoni kwa kasi inayolingana na yako haukupozi. Wengi hudhani wamechoka ghafla wakati wa kurudi, kumbe wamepata joto. Punguza mwendo kilomita mbili za kwanza baada ya kugeuka. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, nawe utaanza kwa wepesi na kumaliza kwa kupambana, kwa hiyo weka akiba.

Hatua ya tatu: panga mizunguko sita

Kwa mbio za mwisho wa Oktoba, anza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, na utapata mizunguko sita ya maji. Katika kila mzunguko chagua siku moja njema kwa mbio ndefu. Mzunguko wa kwanza uwe wa kilomita 8, kisha 10, 12, 14, 16, na wa mwisho 18, ambao ukamilike angalau siku kumi kabla ya mashindano. Hakuna haja ya kufikia kilomita 21 mazoezini. Mwendo wa mbio ndefu uwe ule unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima na mwenzako bila kuhema. Kundi likinyamaza wote, basi mnakwenda mbio mno.

Siku nyingine mbili au tatu za kila wiki ni za mbio fupi za kilomita 4 hadi 6. Siku za bamvua tumia njia ya kutoka mjini hadi Shela, ambayo ni kilomita tatu hivi kwa upande mmoja, ukijua kwamba maji yakijaa sana baadhi ya sehemu zake za ukingoni hulowa, na itakubidi upite njia ya ndani. Mara moja kwa wiki, katika mbio hizo fupi, kimbia kwa haraka dakika 3 na pole pole dakika 2, urudie mara tano. Hilo linatosha kumpa mtu kasi bila kumvunja.

Mjini kwenyewe sipendekezi mbio za haraka isipokuwa alfajiri sana, Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ukiwa bado mtupu. Punda aliyebebeshwa mchanga hawezi kusimama ghafla kwenye kichochoro, na hana sababu ya kukupisha. Ukisikia “similaa!” nyuma yako, simama, jibanze ukutani, na umwache punda apite pamoja na watoto wanaomkimbilia nyuma.

Hatua ya nne: pata vilima pasipo na vilima

Nairobi ipo karibu mita 1,800 juu ya bahari na barabara zake hupanda na kushuka, ilhali sisi tumezoea tambarare. Jawabu linalomjia kila mtu ni matuta ya mchanga ya Shela, nami naomba tuyaache. Matuta hayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya mji, na mimea inayoyashikilia haivumilii nyayo za watu ishirini kila Jumamosi. Badala yake, tumieni mchanga laini wa juu ya ufuo: dakika moja kwa nguvu, dakika mbili za kutembea, mara sita, kila mzunguko mara moja na si zaidi. Ngazi za nyumba ya ghorofa nazo hufaa, ukiwa na ruhusa ya mama mwenye nyumba.

Hatua ya tano: maji ya kunywa na chakula

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo jasho hutiririka badala ya kukauka, na mwili haupoi kama inavyopaswa. Ukitaka kujua unapoteza kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya mbio ya saa moja. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Kunywa kwa kufuata kiu, usijilazimishe, kwa sababu kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza chumvi mwilini hadi kuleta hatari. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo, kwa hiyo liongeze chembe ya chumvi ya jikoni. Kabla ya mbio ndefu, tende tatu na uji mwepesi hutosha, na mahamri kwa mbaazi yangoje mpaka mrudi.

Mwenzenu akianza kuyumba, kuchanganya maneno, au kuacha kutoa jasho huku ngozi yake ikiwaka, msimalizie safari. Mwekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, hata ya bahari, na mtafute msaada wa hospitali mara moja.

Maswali ya wanachama

Swali (dada wa Langoni): Asalaam aleikum. Sisi ni wanawake watano, tungependa kwenda Shela alfajiri lakini tunaona uzito kupita mjini na nguo za michezo, na pia kuna sehemu za mbele ambazo hazina watu. Unatushauri nini?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Wengi hupita mjini na buibui zao, kisha wakazivua na kuziacha kwa jamaa wa Shela, wakabaki na suruali pana, shati la mikono mirefu la kitambaa chepesi na mtandio unaofungwa nyuma. Epukeni pamba nzito, kwani ikilowa jasho huchubua. Kuhusu sehemu zisizo na watu, wasiwasi wenu ni wa haki. Msiende mbali moja kwa moja. Kimbieni kilomita tatu za mwanzo wa ufuo, kwenda na kurudi, mara mbili au tatu. Masafa ni yale yale, na mtakuwa mnaonekana wakati wote. Mwambieni mtu mtarudi saa ngapi, na simu moja iwe na chaji.

Swali: Niko Malindi. Je, hesabu hii ya tarehe inafaa kwetu?

Jibu: Inafaa, tofauti ya nyakati kati ya Malindi na Lamu ni ndogo. Ufuo wa Silversands ni mzuri maji yakipwa, na faida mliyo nayo ni barabara ya Casuarina wakati wa bamvua. Upande wa kaskazini, kuelekea mlango wa mto Sabaki, uwe mwangalifu wakati wa mvua: maji huja mekundu kwa tope, huacha magogo ufuoni, na mchanga wa hapo hutitia.

Swali: Tangu nianze kukimbia ufuoni nina maumivu ya shavu la mguu, upande wa kulia tu.

Jibu: Ufuo umeinama kuelekea baharini, na inaelekea unakimbia pahala ambapo mguu mmoja uko chini ya mwingine. Sogea chini zaidi, kwenye mchanga ulio sawa, na uhakikishe unarudi kwa mstari ule ule ili miguu ibadilishane mzigo. Kama unakimbia pekupeku, rudi kwenye viatu, kisha zoeza miguu kwa dakika kumi kumi. Maumivu yakiwa kwenye kano ya kisigino, au mguu ukivimba, acha kukimbia na umwone daktari. Hilo halitatuliwi kwa kuandikiana hapa.

Swali: Nina miaka 58 na nina sukari. Nimechelewa?

Jibu: Hujachelewa, mzee wangu, lakini kwako hatua ya kwanza ni daktari wako, hasa ikiwa unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, kwa sababu mbio nazo huishusha. Akikuruhusu, anza kwa kutembea dakika nne na kukimbia moja. Beba tende mfukoni, na usikimbie peke yako.

Swali: Tunafikiria mbio za Moshi, ila katika miaka hii Ramadhani huangukia Februari na Machi.

Jibu: Ikiwa mbio zimekutana na mfungo, kundi letu huchagua mbio nyingine, na sioni aibu yoyote katika hilo. Kwa kudumisha mazoezi tu, kimbieni pole pole dakika 30 za mwisho kabla ya magharibi, mkifika nyumbani mkute futari, au baada ya tarawehe. Mbio ndefu zingoje Shawwal.

Swali: Tusafiri lini kwenda Nairobi, na je, mita 1,800 zitatuathiri kiasi gani?

Jibu: Mtahema mapema kuliko mlivyozoea, na kilomita tano za kwanza ndizo zinazowadanganya watu wa pwani, kwa sababu asubuhi ya Nairobi ni ya baridi na mwili unajiona mwepesi. Zikimbieni kwa mwendo ambao Shela mngeuita wa kivivu. Siku mbili tatu hazitoshi mwili kuizoea hewa ile, kwa hiyo msisafiri mapema kwa sababu hiyo. Safirini mapema kwa sababu ya miguu. Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha treni, ni safari ya kukaa kitako kwa muda mrefu. Fikeni Ijumaa ikiwa mbio ni Jumapili, chukueni namba zenu Jumamosi asubuhi, tembeeni dakika ishirini, na kila mmoja abebe sweta, kwa kuwa mtasimama kwenye mstari wa kuanzia muda mrefu kabla jua halijatoka.