Kabla ya Kuingia Uwanja wa Shabaha: Tahadhari dhidi ya Mawimbi ya Milipuko

Askari anayefyatua roketi ya begani, anayehudumia mzinga au anayebomoa milango kwa baruti hupigwa kila mara na wimbi la hewa la silaha yake mwenyewe, na madhara yake hulimbikizana kidogo kidogo pasipo damu wala kuzimia. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha tiba cha jeshi la Marekani kilichopo Bethesda walieleza makovu waliyoyakuta katika ubongo wa askari marehemu waliowahi kukumbwa na milipuko, makovu ambayo picha za kawaida za hospitali hazikuweza kuyaonyesha.

Kwa hiyo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni kupimwa kumbukumbu, umakini na wepesi wa kufikiri ungali mzima, ili siku utakapoanza kusahau kuwe na kipimo cha kulinganishia. Mwaka 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliagiza kurutu wapimwe hivyo, na ikataja shinikizo la wimbi la mlipuko la pauni 4 kwa inchi ya mraba kuwa kiwango ambacho kikifikiwa hatua za kinga huchukuliwa.

Pamoja na kipimo hicho, fungua daftari lako la tarehe, aina ya silaha, idadi ya mizinga iliyopigwa na mahali uliposimama. Baadhi ya wapiga mizinga wa Marekani waliopigana na Dola la Kiislamu nchini Syria walirudi wakiumwa kichwa na kukosa usingizi, lakini kwa kuwa adui hakuwahi kuwajeruhi, ilikuwa vigumu kwao kueleweka.

Uliza mapema utasimama wapi, kwani shinikizo hupungua upesi kadiri unavyosogea mbali, ilhali kuta na dari hulirudisha. Mkufunzi, ambaye hafyatui hata mara moja, huenda akapigwa na mawimbi mengi kuliko wanafunzi wake, maana yeye hukaa pale kutwa. Vizibo vya masikio vaa, ila vinalinda usikivu tu. Kofia ya vita nayo ilibuniwa kuzuia vipande vya chuma na risasi.

Mweleze pia mwenzi wako nyumbani dalili zenyewe, yaani hasira za ghafla, kizunguzungu, usahaulifu na masikio kuvuma, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye huziona kabla ya daktari wa kikosi.