Roboti itangulie: namna ya kusambaza vihisi mgodini baada ya baruti

Baruti ikishapigwa, handaki linabaki na monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, pamoja na daioksidi ya naitrojeni. Sioni sababu ya mtu kwenda kuzipima kwa mapafu yake. Mimi ni fundi wa mawasiliano kwenye migodi ya dhahabu huku Geita, na hivi ndivyo ninavyoandaa roboti iingie kwanza na kuacha vihisi njiani.

Tafuta roboti yenye minyororo. Matairi yanakwama kwenye kifusi. Mgongoni ifungie bomba la plastiki lenye nodi zilizopangana, yaani vifaa vidogo vyenye kihisi, redio na betri vinavyopokezana ujumbe hadi kwako, na chini yake sevo moja (mota ndogo) ya kuachia nodi moja moja. Kila nodi iwe na uzito kitakoni ili ikianguka isimame na antena iangalie juu. Ndani ya nodi weka swichi ya sumaku, na sumaku yenyewe ibaki kwenye bomba. Nodi ikitoka tu, redio inawaka na kusema "nipo". Roboti isisogee kabla ya kuisikia; ikiwa kimya, iachie nyingine palepale.

Kuhusu kihisi cha monoksidi ya kaboni, MQ-7 ni rahisi kwa bei lakini hapa haifai. Hita yake inapashwa sekunde 60 kwa volti 5, kisha sekunde 90 kwa volti 1.4, bila kupumzika, na mtengenezaji anataka iwashwe saa 48 kabla ya kuaminika. Seli moja ya betri hailishi jiko hilo. Nunua cha elektrokemia, hata kama utanung'unika dukani.

Sasa uti wa kazi: waache wengine wapange nodi kwa mita, wewe panga kwa nguvu ya mawimbi. Roboti ipime inavyoisikia nodi ya mwisho iliyoiacha. Redio nyingi za gigahezi 2.4 zinaanza kupoteza pakiti (vifurushi vya data) karibu na -95 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozama chini ya sifuri ndivyo yanavyodhoofika. Mimi naachia nodi mpya wastani ukifika -75. Hizo desibeli 20 za akiba ni nguvu mara mia, na utazihitaji siku mashine ya kuzoa mawe ikiegeshwa katikati. Nimesema wastani kwa makusudi. Kwenye gigahezi 2.4 wimbi lina sentimita 12.5 tu, na kwa kuwa linadunda kwenye mwamba, roboti ikisogea upana wa vidole vinne namba inaweza kuporomoka kisha ikapanda tena. Chukua wastani wa vipimo vya mita nzima ya mwendo, la sivyo utamaliza bomba zima kabla ya kona ya kwanza.

Kona nayo ina sheria yake. Kwenye handaki lililonyooka mawimbi haya yanakwenda mbali kuliko ulivyozoea juu, ila yakikata kona yanakufa ghafla. Kwa hiyo acha nodi pale penye kona, mahali panapoona pande zote mbili, hata kama namba bado nzuri. Kwenye shindano la chini ya ardhi la DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, lililomalizika Septemba 2021 ndani ya pango la Mega Cavern kule Louisville, roboti ziliangusha redio njiani vivyo hivyo.

Elekeza mdomo wa bomba ubavuni, nodi ikae karibu na ukuta. Kuwa chini si hasara yote: daioksidi ya naitrojeni ni nzito kuliko hewa, hutuama huko. Na roboti ikikosa pakiti kwa sekunde tatu, programu iirudishe nyuma hadi ilipokuwa ikisikika; wewe usiifuate.

Migodi ya makaa ya mawe msijaribu hivi. Kule kuna methani, na kifaa kisicho na cheti cha kutotoa cheche hakiingii. Hata huku kwenye dhahabu, namba za nodi zinamwambia msimamizi wa shifti aendelee kusubiri. Ruhusa ya kuingia anaitoa kwa kipimo chake cha mkononi, kilichokaguliwa, huku feni ikiendelea kuvuma.